"Push, mama, push!" Neno la leba nililojifunza upya

SEHEMU YA 1: MLANGO WA BENKI

Tulimaliza mambo ya uji wa mtoto, na wengi mkaniomba tuingie leba. Haya, tuingie. Ila leo sianzi na tumbo, naanza na neno. Neno la Kiingereza, herufi nne tu: push.

Mara ya kwanza kukutana nalo nilikuwa kidato cha pili. Mjomba alinitoa kijijini kwetu Ngara tukaenda Biharamulo mjini, yeye ana shughuli zake benki. Mlango wa kioo, umeandikwa PUSH. Mimi nikaukamata nikauvuta. Nikavuta tena. Mlinzi akanitazama akasema, "Binti, Kiingereza mnafundishwa na nani huko? Sukuma!" Nikasukuma, mlango ukafunguka, nikaingia nimeinamisha kichwa. Tangu siku ile push nikaiweka kichwani: push ni sukuma, basi, imeisha.

Nikaenda chuo cha uuguzi. Leba nikalikuta tena neno lile lile, mara hii linapigiwa kelele. Mkufunzi anasema push, sisi wanafunzi tunapokea: "Sukuma mama! Sukuma! Usiache! Sukuma!" Ungepita nje ungedhani tumekwama na fuso.

Siku yangu ya tatu leba, mama mmoja yuko kwenye hatua ya mwisho, nikasogea karibu nikamwambia kwa nguvu zote, "Sukuma mama!" Yule mama akanyoosha mikono miwili, akanisukuma kifuani. Nikarudi nyuma nikagonga trei ya vifaa, mikasi chini. Leba nzima ikacheka. Mimi nikakasirika, nikasema moyoni, huyu mama ni mkorofi.

Imenichukua miaka kuelewa kwamba yule mama hakuwa mkorofi. Alifanya kile kile nilichomwambia.

Hebu fikiria. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku unasukuma nini? Unasukuma mlango. Unasukuma gari lililozama kwenye tope kule Nyakahura. Wanaume wa Ngara wanasukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi kupanda milima. Unasukuma chapati. Hata maisha tunayasukuma, na siku tunazisukuma. Kote huko kitu kiko mbele yako, nje ya mwili wako, na unatumia mikono. Sasa mtu amelala chali, uchungu umembana, mikono haina cha kushika, unamwambia "sukuma". Asukume nini?

Mwenzangu mmoja wa kazi, Msukuma wa kule Biharamulo, huwa ananitania. Kwa Kisukuma neno "sukuma" maana yake ni kaskazini. Ananiambia, "Nyie manesi mnawapigia kelele mama zetu waende kaskazini, ndiyo maana wanachelewa."

Tunacheka. Lakini kuna usiku mmoja ambao sijawahi kuucheka. Ndio nataka kuwasimulia.

SEHEMU YA 2: USIKU WA ZAMU

Ilikuwa mwaka 2014. Zahanati siitaji, na wilaya pia siitaji, muhimu ni kwamba kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa peke yangu zamu ya usiku. Mama mmoja ameshajifungua saa tatu, mwingine ana homa, na taa ya sola inaanza kufifia. Saa tano hivi akaletwa binti, mimba ya kwanza, amesindikizwa na mama mkwe wake. Walikuwa wametembea. Uchungu ulimwanza tangu asubuhi.

Nikampima njia. Imefunguka sentimita 7. Mapigo ya mtoto mazuri. Nikamwambia bado, apumzike. Nikaenda kwa mwenye homa.

Baada ya muda kidogo akaanza kusema, "Sista, nasikia haja kubwa." Mama mkwe naye mlangoni, "Mwanangu, sukuma, mtoto ndiye huyo." Na mimi nimechoka, jamani, sitaki kudanganya. Nilipaswa kumpima tena. Sikumpima. Nilimwangalia usoni, nikasikia anavyoguna, nikasema, "Haya, panda kitandani, sukuma."

Akasukuma. Akafunga pumzi, akakaza macho, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kila uchungu ukija mimi nahesabu kwa sauti, yeye anasukuma. Nusu saa. Saa nzima. Saa moja na nusu. Kichwa hakionekani.

Nilipompima, ndipo nikagundua. Bado ilikuwa sentimita 8, na mlango wa kizazi upande wa mbele umevimba kama mdomo uliong'atwa na nyuki. Mimi ndiye nimeuvimbisha.

Hapo ndipo ningesema, "Samahani dada, tumeanza mapema." Unajua nilisema nini? Niliogopa, na hofu yangu ikatoka kwa sura ya ukali. Nilimwambia, "Wewe ni mvivu wa kusukuma. Unataka kumuua mtoto?"

Mama mkwe alisikia. Binti alisikia. Hakulia wala hakujibu. Aligeuza uso akatazama ukutani.

Nikaita gari la wagonjwa, likaja. Nilipanda naye. Njia yote anapewa maji ya dripu, yuko kimya. Tulipofika hospitali, mkunga mmoja mtu mzima alimpokea. Alimpima, akanitazama mara moja tu, wala hakunisema. Akamlaza ubavu wa kushoto, akamtoa mkojo uliokuwa umejaa kibofu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, sasa hivi hatufanyi kazi yoyote. Uchungu ukija, hema kama umekimbia. Huhu, huhu, huhu. Mwache mtoto ashuke mwenyewe." Akakaa naye, amemshika mkono.

Saa moja na ushee ikapita hivyo. Halafu binti mwenyewe akasema, "Mama, inakuja." Mkunga akampima, njia imefunguka yote. Akasema, "Kama inakuja, ifuate." Basi. Hakuhesabu, hakupiga kelele.

Mtoto wa kiume akatoka. Hakulia.

Wale waliowahi kusubiri mtoto alie wanajua ile sekunde ina urefu gani. Akafutwa, akakaushwa, bado. Akawekewa ile barakoa ndogo ya kumsukumia hewa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kifua kikaanza kupanda chenyewe. Halafu akalia, sauti nyembamba kama ya paka.

Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka kulipokucha.

SEHEMU YA 3: KWANI HUWA KUNATOKEA NINI?

Wengi mmeniuliza, "Nesi, kwani kusukuma mapema kuna ubaya gani si mtoto atoke haraka?" Ngoja nieleze kwa mfano wa nyumbani.

Unamvalisha mtoto sweta lenye shingo nyembamba, si ndiyo? Shingo ikiwa haijatanuka na wewe unavuta kwa nguvu, kitambaa kinajikunja, kinakwama usoni, mtoto analia. Ukitanuza shingo kwanza, kichwa kinapita bila vita. Mlango wa kizazi ndiyo ile shingo ya sweta. Kazi ya uchungu wa mwanzo ni kuitanua mpaka sentimita 10. Na anayeifanya kazi hiyo ni mfuko wa uzazi wenyewe, hausubiri amri ya nesi. Hata mama akiwa amesinzia, mfuko unaendelea kukaza na kuachia.

Njia ikifunguka yote na kichwa kikashuka chini, kinagusa misuli ya nyonga, na mwili unaleta hamu ya kusukuma. Ni kama haja kubwa isiyozuilika. Sasa tatizo liko hapa: hiyo hamu kuna wakati inakuja kabla njia haijafunguka yote. Ndiyo maana ukiisikia, kazi ya kwanza ni kumwambia mkunga akupime. Kazi ya mkunga ni kupima. Hapo ndipo niliposhindwa mimi.

Na ikishafunguka yote, je, lazima tupige kelele? Mwaka 1957 daktari wa Uingereza, Constance Beynon, aliandika makala akiomba wenzake wabadilishe tabia ya kuwalazimisha kina mama kusukuma, waachwe wafuate mwili wao. Mwaka 1957! Mama yangu mzazi alikuwa bado mtoto. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa huduma wakati wa kujifungua, na mle imeandikwa wazi: mama katika hatua ya kusukuma atiwe moyo na asaidiwe kufuata hamu yake mwenyewe ya kusukuma.

Mwongozo huo huo una mengine ambayo kila familia iyajue:

Kwanza, kukandamiza tumbo kwa juu ili mtoto atoke haishauriwi. Hata kama ni bibi mwenye uzoefu, hata kama ni mtumishi. Hiyo nayo ni "push", lakini ni push ya hatari.

Pili, mama achague mkao unaomfaa: kuchuchumaa, kupiga magoti, kulala ubavu. Kulala chali hakulazimishwi.

Tatu, mama awe na mtu wake wa karibu anayemtaka mwenyewe.

Nne, kuhusu muda. Njia ikishafunguka yote, mimba ya kwanza kwa kawaida mtoto huzaliwa ndani ya saa 3, na waliokwisha kuzaa ni ndani ya saa 2. Kwa hiyo dakika 40 bila mtoto siyo uvivu. Ni kawaida. Mradi mapigo ya mtoto yanasikilizwa mara kwa mara na mama yuko salama.

La tano naliongeza mimi, kwa sababu kwetu lipo: dawa za mitishamba za kuongeza uchungu. Mama zangu, nawaomba. Hakuna anayejua kipimo chake. Uchungu unaweza kuwa mkali kupita kiasi, mtoto akakosa hewa, mfuko wa uzazi ukachanika. Kuna mtu alikunywa nyumbani halafu anatuficha, usitufiche. Ukishakunywa, sema. Hatukuiti polisi, tunataka kujua tunapambana na nini.

SEHEMU YA 4: NILIKUTANA NAYE TENA

Mwaka 2016 tulikwenda kijijini kwa huduma ya mkoba, chanjo na kupima watoto uzito, chini ya mwembe karibu na ofisi ya kijiji. Nikaona mama amebeba mtoto mchanga mgongoni, amemshika mkono mwingine wa miaka miwili. Nilimjua kabla hajafika mezani. Na yeye alinijua.

Nikachukua kadi. Ya mdogo haikuwepo. Nikauliza, "Huyu alizaliwa wapi?"

"Nyumbani."

"Mbona hukuja zahanati dada yangu?"

Alinijibu bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya sokoni: "Si ulisema mimi ni mvivu wa kusukuma? Nikaona nisije kuwasumbua."

Alijifungulia nyumbani kwa mama yake. Kondo la nyuma lilichelewa, akatoka damu nyingi, wakambeba kwa bodaboda usiku, mmoja mbele mmoja nyuma, yeye katikati. Akapona. Alinieleza yote hayo huku namchoma mtoto wake sindano, na mikono yangu inatetemeka.

Nilimaliza foleni, nikamfuata alipokaa akisubiri. Nikakaa kwenye lile benchi pembeni yake. Nikamwambia, "Usiku ule kosa lilikuwa langu. Nilikuambia usukume kabla ya wakati. Sikukupima. Na lile neno nililokuambia halikuwa kweli. Nisamehe."

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akamuonyesha yule mkubwa, aliyekuwa anakimbiza kuku. "Huyo ndiye yule. Hatulii." Akainuka, akanifunga vizuri kanga ya mtoto mgongoni kwake (yaani alinipa nimshikie mtoto wakati anafunga), akaaga, akaenda.

Hakusema amenisamehe. Sikumdai.

Mimba ya tatu alikuja zahanati. Nilikuwepo zamu. Alimwomba mwenzangu amhudumie, siyo mimi. Nilifurahi sana kumwona pale, na iliniuma, vyote viwili kwa pamoja. Nilikaa chumba cha pili nikajaza rejista. Nikasikia mtoto analia. Basi, ikatosha.

Nawaambieni hivi kwa sababu sisi wahudumu tunapenda kusema "wanawake hawa wanapenda kuzalia nyumbani". Kweli wapo wa mbali, wapo wasio na nauli, mvua imekata barabara. Lakini wapo waliofukuzwa na neno. Neno moja tu, lililosemwa na mtu aliyechoka saa saba usiku.

SEHEMU YA 5: BASI TUSEMEJE?

Nilianza kuuliza watu wanavyosema kwao. Sisi wa Ngara tuko mpakani, ukivuka Kabanga uko Burundi, ukivuka daraja la Rusumo uko Rwanda, na leba zetu zimepokea mama wa pande zote. Kirundi na Kinyarwanda wanasema gusunika. Mama aliyewahi kuzalia Burundi anaweza kukusimulia pia neno la Kifaransa, poussez.

Hilo la Kifaransa na push ya Kiingereza ni ndugu, asili yao ni neno la Kilatini lenye maana ya kupiga, kudunda. Na kutoka ukoo huo huo Waingereza wana neno pulse, yaani mapigo ya mshipa, yale tunayoyahesabu mkononi mwako kila asubuhi. Nilipolijua hilo nilikaa nikafikiri. Mapigo ya moyo hayaamrishwi. Hakuna nesi anayesimama juu yako akipiga kelele "dunda, dunda". Yanakuja, yanaondoka, yanakuja tena. Uchungu ndivyo ulivyo.

Na hospitali push tunayo nyingine. Dawa ya mshipa tunayoingiza kwa bomba la sindano tunasema tunai-push, na kila mwanafunzi anaambiwa jambo moja: polepole, ukiwa unamwangalia mgonjwa usoni. Dawa tunai-push kwa upole. Mtu tunampigia kelele!

Siku hizi mimi nasema hivi. Njia ikiwa bado: "Bado kidogo dada, hema, huhu huhu, usifunge pumzi." Njia ikifunguka: "Unasikiaje? Inakuja? Ifuate." Mama asiyeelewa namwambia, "Jikamue kwenda chini, kama unaenda haja kubwa, na haja ikitoka usione aibu, tunafuta." Kichwa kikianza kutoka: "Sasa acha, hema tu," ili atoke taratibu asikuchane. Neno sukuma bado nalitumia, sijalifuta. Ila nalitumia baada ya kupima, na baada ya kumsikiliza mwenye mwili.

Nanyi mama zangu mna haki ya kuuliza. Uliza, "Sista, imefika sentimita ngapi?" Uliza, "Naweza kukaa mkao mwingine?" Sema, "Nasikia hamu ya kusukuma, naomba unipime." Siyo ukorofi. Baba, na wewe mama mkwe, kabla hujasema "sukuma mwanangu" pale mlangoni, uliza kwanza kama amepimwa. Kazi yenu kubwa ni kumfuta jasho, kumpa chai ya sukari, na kumwambia anaweza.

Na haya yasisubiri hata dakika: kutoka damu, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, degedege, maji ya kijani, mkono au kitovu kutangulia, au uchungu kuzidi saa 12 ukiwa bado nyumbani. Piga 115, namba ya bure ya M-Mama, upate usafiri wa dharura. Iandikeni ukutani karibu na kitanda, usiku simu ikikosa chaji muazime ya jirani.

Yule mtoto aliyelia kama paka sasa anasoma shule. Huwa namwona njiani na begi lake. Ananiamkia, "Shikamoo nesi," hajui kitu. Naitikia, "Marahaba mwanangu," napita.

Kesho tunaanza mambo ya kondo la nyuma na damu baada ya kujifungua. Leo naomba moja tu kutoka kwenu: uliambiwa neno gani leba ambalo hujalisahau, zuri au baya? Niandikieni. Manesi wenzangu wanasoma hapa, na sisi tunahitaji kusikia.